Booker T. Washington na Shule Iliyoanzwa Bila Nyumba

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja mweusi wa Marekani, jina lake Booker Taliaferro Washington, aliyefariki mwaka 1915. Wengi wenu mmelisikia jina hilo, maana shule aliyoisimamisha huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, imetajwa sana katika Afrika. Walakini wengi waijuao sifa ya shule hiyo hudhani ya kuwa ilianzwa na watu wenye fedha, wakajenga majengo mazuri kwanza, ndipo wanafunzi wakaitwa. Sivyo ilivyokuwa. Nasi twataka kueleza hasa namna ilivyoanzwa, kwa kuwa hilo ndilo lililotuchoma moyo tulipoyasoma maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1856 katika shamba moja la Virginia, mama yake akiwa mtumwa na mpishi wa shamba hilo. Baba yake alikuwa mzungu, wala mtoto hakumjua. Nyumba yao ilikuwa kibanda cha magogo chenye sakafu ya udongo, nacho ndicho kilichokuwa jiko la shamba zima. Watoto walilala chini juu ya matambara. Hata mwaka 1865, vita vya Marekani vilipokwisha, watumwa wakawekwa huru, na mama yake akawachukua watoto akamfuata mumewe, baba wa kambo wa Booker, mpaka Malden katika jimbo la West Virginia, mahali palipochemshwa chumvi. Huko kijana alitiwa kazini angali mdogo, kwanza katika matanuru ya chumvi, na baadaye katika mgodi wa makaa ya mawe. Herufi alijifunza katika kitabu alichotafutiwa na mama yake, ambaye mwenyewe hakujua kusoma hata neno moja. Shule ilipofunguliwa kijijini aliruhusiwa kwenda kwa sharti kwamba afanye kazi tangu alfajiri hata saa ya masomo, na jioni arudi kazini tena.

Siku moja, akiwa chini mgodini, aliwasikia wachimbaji wawili wakizungumza habari za shule kubwa ya watu weusi huko Virginia, yaani Hampton, ambapo mwanafunzi maskini huweza kulipa chakula chake kwa kazi ya mikono. Akasogea kimya kimya gizani apate kusikia vema. Hakujua Hampton ni upande gani, wala ni maili ngapi, wala mtu hufikaje huko. Lakini tangu saa ile alikata shauri kwenda.

Kabla ya kuondoka alitumika nyumbani kwa Bibi Viola Ruffner, mke wa mwenye matanuru, kwa mshahara wa dola 5 kwa mwezi. Bibi huyu alisifika kwa ukali, hata watumishi wengi hawakukaa kwake zaidi ya majuma mawili matatu. Alitaka kila kitu kiwe safi, kila kazi ifanywe kwa wakati wake, na ubao wa ua ukilegea upigiliwe siku ile ile. Booker alimwogopa mwanzoni, kisha akajifunza kwake mengi. Faida yake tutaiona mbele kidogo.

Mwaka 1872, akiwa na miaka kama 16, akaenda zake. Nauli ya safari nzima hakuwa nayo. Mama yake alikuwa dhaifu wa mwili, akaogopa kwamba mwanawe anafuata ndoto, walakini hakumzuia. Wazee weusi wa Malden, ambao ujana wao wote uliishia utumwani, wakamletea huyu senti tano, huyu senti ishirini na tano, na mwingine leso. Njia ilikuwa kama maili 500. Alikwenda kwa treni na kwa gari la farasi hata fedha ikaisha, kisha kwa miguu na kwa kuwaomba wenye magari wampakie. Akafika mji wa Richmond usiku, ana njaa, hana senti wala rafiki, na maili 82 zingali zimesalia. Akaona njia ya mbao ya waenda kwa miguu, iliyoinuliwa kidogo juu ya ardhi. Akatambaa chini yake, akaweka mfuko wake kichwani, akalala akisikia nyayo za watu juu yake usiku kucha. Kulipokucha akaona meli ikipakua chuma, akamwomba nahodha kazi, akapewa. Akafanya kazi pale siku kadhaa, na kila usiku akarudi kulala mahali pale pale ili asile akiba yake. Alipofika Hampton alikuwa na senti 50.

Mtihani wa kuingia shule ulikuwa wa namna yake. Mwalimu mkuu, Bibi Mary Mackie, alimtazama kijana mchafu aliyetoka safarini, asimkubali wala asimkatae. Baada ya saa kadhaa akampa ufagio, akamwambia afagie chumba kimoja cha darasa. Booker akakifagia mara tatu, kisha akafuta vumbi mara nne, kuta na meza na mabenchi, na pembe zote za chumba. Maana kwa Bibi Ruffner alikuwa amejifunza kufagia kweli kweli. Bibi Mackie akapitisha leso yake juu ya mbao, asione vumbi. Ndivyo kijana alivyopokewa, akapewa kazi ya kutunza majengo, na kwa kazi hiyo akalipa chakula na malazi yake.

Hapa twasimama kidogo. Je, kijana huyu alipotoka Malden alikuwa amekwisha kujiweka tayari? Kwa hesabu ya watu wenye busara hakuwa tayari hata kidogo. Alikosa nauli, nguo na barua ya kumtambulisha. Hata njia hakuijua. Kama angalingoja mpaka apate vyote hivyo kwa mshahara wa dola 5, twadhani angalizeeka Malden akiwasimulia wajukuu habari za shule moja nzuri aliyoisikia mgodini. Wengi wetu tunayo Hampton yetu ya namna hiyo, tunayoizungumza miaka nenda miaka rudi. Na mtu akituuliza kwa nini hatujaondoka, twajificha nyuma ya methali isemayo subira yavuta heri, twasahau ya kuwa wazee wale wale waliotuachia hiyo walituachia na nyingine isemayo ngoja ngoja huumiza matumbo.

Miaka yake ya masomo hatutaieleza sana. Alimaliza Hampton mwaka 1875, akarudi Malden kufundisha, akakaa miezi minane katika chuo cha Wayland mjini Washington, kisha akaitwa Hampton kuwa mwalimu. Mkuu wa Hampton, Jenerali Samuel Armstrong, ndiye mtu aliyempenda na kumheshimu kuliko wote, na ndiye aliyempeleka Tuskegee.

Habari ilikuwa hivi. Katika mji mdogo wa Tuskegee alikuwako mtu mweusi, Lewis Adams, aliyekuwa mtumwa zamani, fundi wa bati na viatu na matandiko ya farasi. Na mzungu mmoja mfanyabiashara, George Campbell, aliyekuwa na watumwa zamani. Kwa juhudi ya Adams, baraza la jimbo la Alabama liliahidi mwaka 1881 kutoa dola 2,000 kila mwaka kwa shule ya kuwafundisha walimu weusi. Wakamwandikia Armstrong awapatie mkuu wa shule, nao walitazamia mzungu. Armstrong akawajibu kwamba mzungu wa kufaa hanaye, bali anaye mtu mweusi anayefaa, na wakimtaka atakuja. Wakakubali.

Booker Washington alifika Tuskegee mwezi wa Juni 1881, akiwa kijana wa miaka 25. Alidhani atakuta nyumba ya shule na vyombo vyake, na kazi yake itakuwa kuingia na kufundisha. Hakukuta nyumba. Hakukuta uwanja, wala meza, wala kitabu. Zile dola 2,000 zilikuwa za mishahara ya walimu peke yake. Kwa ardhi na majengo baraza halikutoa hata senti moja. Alichokikuta ni watoto wa watumwa wa zamani, maelfu katika wilaya zilizozunguka, na wazazi wao wakitamani shule.

Tufikiri mtu mwingine angalifanya nini. Angaliandika barua Hampton kusema ya kuwa ameitwa kwa maneno yasiyo kweli, naye atarudi hata nyumba itakapojengwa. Tena barua hiyo isingalikuwa na uongo ndani yake, wala mtu asingalimlaumu. Lakini fedha iliyotolewa na baraza huweza kuondolewa na baraza, nasi twajua mioyo ya wazungu wengi wa Alabama siku hizo ilivyokuwa juu ya shule za watu weusi. Mwaka mmoja wa kungoja ungaliweza kuwa mwisho wa jambo lote.

Yeye alizunguka kwanza vijijini, akala na kulala na watu katika vibanda vyao, apate kujua hali ya wale atakaowafundisha. Maandalizi ya namna hii hatuyalaumu, maana yana miguu, nayo yalimwonyesha mambo ya kusikitisha. Aliona jamaa wanaolipa kinanda cha dola 60 kidogo kidogo, na mezani pao uma ni mmoja kwa watu wote. Aliona pia kijana mmoja aliyekwisha kusoma shule ya juu, ameketi ndani ya kibanda cha chumba kimoja, nguo zake zimejaa mafuta, takataka zimemzunguka, na magugu yameota mpaka mlangoni. Naye anashughulika na sarufi ya Kifaransa. Sisi hatumcheki kijana huyo, maana kusoma si kosa, na Kifaransa si kosa. Lakini kila tukumbukapo habari zake twajiuliza jembe lake lilikuwa wapi.

Tarehe 4 Julai 1881 shule ikafunguliwa, na wanafunzi walikuwa 30. Darasa lilikuwa kibanda kibovu karibu na kanisa la Wamethodisti weusi, na kanisa lenyewe lilitumika kwa mikutano. Vyote viwili vilikuwa vibovu sawasawa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja mkubwa aliacha masomo yake akamshikia mwalimu mwavuli huku mwalimu akiwasikiliza wengine. Na asubuhi, nyumbani alikopanga, mama mwenye nyumba alimshikia mwavuli akila chakula. Wanafunzi wengi walikuwa walimu tayari, wengine wakikaribia miaka 40. Walijua majina marefu ya kanuni za hesabu za benki, hali hawajapata kuweka fedha benki, wala jirani zao hawajapata.

Baada ya majuma sita akaja mwalimu wa pili, Bibi Olivia Davidson, mwanamke mweusi mwenye elimu nzuri na mwili dhaifu. Twataka wasomaji walishike jina lake, maana watu husema Tuskegee ya Washington, na yeye humsahau. Fedha ya miaka ile ya kwanza aliitafuta yeye sehemu kubwa, nyumba kwa nyumba, akiwaomba weupe na weusi, akifanya karamu za kuuza keki na kuku. Alizunguka hata akachoka asiweze kuvua nguo zake usiku.

Mwisho wa miezi mitatu walisikia ya kuwa shamba moja la zamani linauzwa, kama maili moja kutoka mjini, ekari 100 kwa dola 500. Nyumba kubwa ya bwana ilikuwa imeungua. Yalisalia chumba kilichokuwa cha kulia chakula, jiko la zamani, banda la farasi na banda la kuku. Mwenye shamba alitaka dola 250 mara moja, na nusu ya pili katika mwaka mmoja. Washington hakuwa na dola 250 wala hata dola 50. Akamwandikia mtunza fedha wa Hampton, Jenerali Marshall, kuomba mkopo. Naye akajibu ya kuwa fedha ya shule hana ruhusa kuikopesha, lakini fedha yake mwenyewe ataikopesha kwa furaha. Basi shamba likachukuliwa. Banda la farasi likawa darasa, na banda la kuku likafagiwa likawa darasa la pili. Deni la Marshall lililipwa kwa miezi mitatu, na baada ya miezi miwili mingine shamba lote likawa mali ya shule.

Katika siku hizo alikuja bibi kizee mmoja, umri wake kama miaka 70, amevaa matambara safi, anatembea kwa fimbo. Alikuwa ameishi utumwani siku zake nyingi. Akasema hana fedha, lakini amesikia kwamba wanajaribu kuwainua vijana, akatoa mayai sita, ndiyo akiba yake, yatumiwe kwa kuwasomesha. Washington alipokea baadaye maelfu ya dola kutoka kwa matajiri wa New York na Boston, walakini aliandika ya kuwa hakuna zawadi iliyomgusa kama ile. Nasi twaona neno moja hapa. Kama shule ingalikuwa bado ni mpango katika karatasi, yule kizee asingalikuja. Mtu hapeleki mayai sita kwa mpango. Aliona vijana wanatoka na kuingia katika banda la kuku na vitabu mikononi, ndipo akaenda kwenye kiota.

Shamba lilikuwa msitu, nalo lilitaka kufyekwa. Wanafunzi wakanung'unika, hasa wale waliokuwa walimu, wakisema hawakuja shule kushika shoka. Washington hakuwahubiri. Alitwaa shoka lake kila alasiri akatangulia msituni; nao walipomwona mkuu wao hana haya, wakamfuata mmoja mmoja, hata ekari kama 20 zikafyekwa na kupandwa.

Sasa tufike kwenye matofali, ambayo katika habari zote za mtu huyu ndiyo tuyapendayo zaidi. Shule ilitaka nyumba ya kweli, na katika mji ule hapakuwa mtu afanyaye matofali. Washington hakuijua kazi hiyo, wala wanafunzi wake. Alidhani ni kazi nyepesi, kwa kuwa udongo ni udongo. Wakachimba shimo, wakasimama ndani ya tope mpaka magotini saa nyingi, na wanafunzi wengine wakachukizwa wakaondoka shuleni kabisa. Wakajaribu mashimo mawili matatu hata wakaupata udongo ufaao. Wakafyatua matofali kama 25,000, wakayapanga tanuruni, wakawasha moto; yakaharibika, kwa kuwa tanuru halikujengwa vema. Wakajenga la pili, likaharibika pia. Wanafunzi wakakata tamaa, lakini walimu waliojifunza kazi hiyo Hampton wakasaidia, wakajenga la tatu. Kuchoma tanuru kwahitaji kama juma zima. Juma lilipokaribia kwisha, nao wakiona ya kuwa safari hii watapata matofali, tanuru likaanguka lote usiku wa manane.

Fedha ilikuwa imekwisha, na walimu karibu wote wakamsihi aache. Yeye alikuwa na saa ya mfukoni. Akaenda nayo mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi, akawakusanya vijana wake waliovunjika moyo, akajenga tanuru la nne. Matofali yakaiva. Muda wa rehani ulipofika hakuwa na fedha ya kuikomboa saa, ikapotea. Naye alisema hajutii.

Tafadhali, ndugu, msisome habari hii upesi. Hasara tatu za kwanza zilikuwa hasara kweli. Wanafunzi walioondoka waliondoka kweli, na fedha iliyoungua ilikuwa ya watu maskini. Twaweza kusema ya kuwa angalitafuta fundi kwanza asingaliharibu matanuru matatu. Labda. Lakini kosa la tanuru la kwanza ndilo lililomwonyesha anahitaji fundi wa namna gani na udongo wa namna gani, na somo hilo hapakuwa na kitabu cha kumfundisha pale Tuskegee. Baadaye wazungu wa mji, waliokuwa wakiitazama shule kwa jicho la kando, walikuja kununua matofali yake kwa sababu yalikuwa mazuri, na kwa biashara hiyo ujirani ukaanza. Alipoandika habari za maisha yake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1901, wanafunzi walikuwa wakifanya matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja. Na katika nyumba 40 zilizojengwa kwa miaka 19, zote isipokuwa nne zilijengwa kwa mikono ya wanafunzi.

Vitanda vya kwanza vya mbao walivyotengeneza vilivunjika usiku, vijana wakakutwa sakafuni asubuhi. Chumba cha kulia kilichimbwa chini ya jengo la kwanza, chenye giza, na chakula hakikuwa na saa yake. Washington alisema baadaye ya kuwa afadhali walianza hivyo, kwa kuwa kama wangalianza katika vyumba vizuri wangaliona kiburi.

Hapa hatuna budi kukiri jambo letu. Tuliwahi kuutumikia usharika mmoja uliokuwa na ramani ya nyumba ya shule, imechorwa vizuri, nayo ilitundikwa ukutani katika chumba cha wazee. Kila mwaka ilipunguzwa vumbi na kuzungumzwa. Mwaka huu tuliambiana tungoje mabati, mwaka wa pili tungoje saruji, mwaka wa tatu tungoje bei ya kahawa ipande. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliosema tungoje, tena tulisema kwa maneno mazuri. Mti mkubwa wa mwembe ulikuwa uwanjani, na chini yake wangaliweza kuketi watoto 40. Baadhi ya watoto walioandikwa katika daftari ya shule ile wamekwisha kuoa na kuolewa, na msingi haujachimbwa.

Turudi kwa Washington. Sifa yake ilikua sana baada ya hotuba aliyoitoa mjini Atlanta tarehe 18 Septemba 1895. Aliwaambia watu wake washike kwanza kazi ya mikono, ardhi na biashara, wala wasishindane sasa na wazungu kwa ajili ya haki za kutawala na kuketi pamoja. Wazungu wengi walimsifu kwa maneno hayo. Lakini msomi mweusi, W. E. B. Du Bois, alimpinga waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1903, akaonyesha ya kuwa mtu asiye na haki ya kupiga kura hawezi kuilinda hata mali aliyoichuma. Nasi twaona Du Bois alikuwa na neno la kweli. Mwaka 1901 jimbo lile lile la Alabama liliandika sheria mpya ya nchi iliyowanyima watu weusi karibu wote kura zao, ingawa matofali yao yalikuwa mazuri. Twastaajabu ya kuwa mtu ambaye hakungoja nyumba ili afundishe, aliwaambia watu wake wangoje haki mpaka watakapostahili machoni pa wengine. Walakini baada ya kufa kwake barua zake zilionyesha ya kuwa kwa siri alitoa fedha kuwalipa mawakili walioishtaki sheria hiyo ya Alabama mahakamani. Kwa hiyo hata hapo mkono mmoja wake haukungoja, ila aliuficha. Kama alifanya vema kuuficha, hatuwezi kuamua kwa wepesi sisi ambao hatukuishi Alabama siku zile.

Nyumbani kwake alipata huzuni nyingi. Mke wake wa kwanza, Fannie Smith, alifariki mwaka 1884, akimwachia mtoto mchanga wa kike. Mwaka 1885 akamwoa yule Olivia Davidson, naye akafariki mwaka 1889, akimwachia wana wawili. Mke wa tatu, Margaret Murray, alikuwa mwalimu wa Tuskegee, akaishi baada yake.

Shule iliendelea. Mwaka 1896 alimwita George Washington Carver, mtaalamu wa mimea, naye alipofika hakukuta vyombo vya kazi yake. Akawatuma wanafunzi kuokota chupa na masufuria katika majaa ya taka, akaanza nazo. Twaona mwalimu huyu alifaa mahali pale. Mwaka 1924 tume ya elimu kutoka Marekani ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na Dk. Aggrey wa Gold Coast, ikisifu mafundisho ya namna ya Hampton na Tuskegee. Na mwaka 1925 shule ya Jeanes ya walimu ilifunguliwa Kabete kwa mfano huo. Tuskegee yenyewe leo ni chuo kikuu.

Mwaka 1915 Washington aliugua akiwa New York. Waganga walimwambia amebakiwa na siku chache. Akasema amezaliwa kusini, amefanya kazi kusini, naye atakufa na kuzikwa kusini. Akapandishwa treni, na wengi walidhani hatafika. Alifika Tuskegee usiku, na baada ya saa chache, tarehe 14 Novemba, akafariki, umri wake miaka 59. Shule iliyoanza na wanafunzi 30 katika kibanda kinachovuja ilikuwa na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi kama 1,500. Walimzika katika uwanja wa shule, karibu na kanisa lake.